Kinyago na Sauti: Usimulizi na Majibizano katika Riwaya ya Picha ya Distopia, kwa Mtazamo wa Newala na Masasi

Utangulizi

Waswahili husema kwamba kinyago ukichonge mwenyewe hakiwezi kukutisha. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu aliyepandishwa cheo na wenzake kwamba wale waliompandisha hawana sababu ya kumwogopa. Katika nchi ya Wamakonde, hata hivyo, methali hiyo ina maana ya karibu zaidi. Huko kinyago hutoka mbele za watu siku ya ngoma, kikiwa kimefunika uso wa mchezaji aliyevikwa nguo mwili mzima, na watoto hukimbia kwa hofu. Wapo wanaojua ni nani aliyekichonga na ni nani aliyekivaa. Wapo wasiojua. Na wapo wanaojua lakini hawasemi.

Hali hizo tatu, yaani kujua, kutojua, na kujua bila kusema, ndizo hali za raia katika fasihi ya distopia. Kwa neno distopia inakusudiwa kazi ya kubuni inayochora jamii iliyoharibika, ambamo utawala umeingia hadi chumbani mwa mtu na hadi ndani ya maneno yake. Fasihi ya Kiswahili si ngeni katika uwanja huu. Shaaban Robert aliichora nchi ya Kusadikika mwaka 1951, ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Euphrase Kezilahabi alifika kwenye ulimwengu uliobomoka katika Mzingile mwaka 1991. Na Said Ahmed Mohamed aliendeleza mkondo wa namna hiyo katika Babu Alipofufuka mwaka 2001. Hizo zote ni kazi za maneno matupu. Mhadhara huu unashughulikia distopia inayosimuliwa kwa picha na maneno kwa pamoja.

Kazi iliyochaguliwa ni V for Vendetta, iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na David Lloyd, wote wa Uingereza. Hoja ya mhadhara ni kwamba mbinu kuu za usimulizi na majibizano katika riwaya hiyo huonekana wazi zaidi zikiwekwa mbele ya mapokeo ya kinyago na jando ya Newala na Masasi. Fauka ya hayo, mapokeo hayo yanafichua dosari ya shujaa wa riwaya ambayo wasomaji wanaomsifu huipita bila kuiona.

Newala na Masasi: Mahali na Mapokeo

Newala ipo kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na macho kuteremka hadi bonde la mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Masasi ipo chini, upande wa magharibi, kwenye nchi tambarare yenye vilima vya mawe vinavyochomoza peke yake. Juu ya uwanda Wamakonde ndio wengi. Chini kuna Wamakua, Wayao na Wamwera pamoja nao. Jando ni la wote hao kwa namna mbalimbali. Ngoma ya kinyago iitwayo mapiko ni ya Wamakonde hasa. Umoja wake ni lipiko, na jina hilo hutajwa kwa kinyago na kwa kiumbe anayetokea kinapovaliwa.

Sehemu hizi ziliingia mapema katika historia ya maandishi ya Kiswahili. Edward Steere, aliyechapisha mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa Unguja, ndiye askofu aliyewaongoza watumwa walioachwa huru kwenda kuanzisha kituo cha misheni Masasi mwaka 1876. Kituo hicho kilichomwa moto wakati wa vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka uliofuata alifika Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, akapita Masasi, Newala na Mahuta. Weule alikusanya vinyago, akanasa nyimbo kwa fonografu, na akafanya jambo lisilo la kawaida kwa watafiti wa zama zake: aliwapa wenyeji na wapagazi wake karatasi na penseli wachore wapendavyo. Miongoni mwa waliochora alikuwamo Pesa Mbili, kiongozi wa wapagazi wake, aliyechora msafara ukiwa njiani. Kitabu cha Weule cha mwaka 1908 kilichapisha baadhi ya michoro hiyo.

Michoro hiyo inahusika hapa kwa sababu ya namna ilivyokamilika. Mchoro ulikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa maelezo yaliyotoka kinywani. Kuutenga mchoro na sauti ya mchoraji ni kubaki na mistari. Kanuni hiyohiyo inatawala ngoma ya mapiko, na ndiyo inayotawala riwaya ya picha.

Riwaya Yenyewe kwa Muhtasari

V for Vendetta ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la Warrior mwaka 1982, ikiwa na picha za rangi nyeusi na nyeupe. Jarida hilo lilikoma mwaka 1985 kabla hadithi haijaisha. Kampuni ya DC ya Marekani ikaichapisha upya kwa rangi kuanzia mwaka 1988, na hadithi ikakamilika mwaka 1989. Riwaya ina vitabu vitatu, na matukio yake yanaanza tarehe 5 Novemba 1997, mwaka ambao kwa waandishi ulikuwa bado haujafika.

Vita vya nyuklia vimeharibu sehemu kubwa ya dunia, na Uingereza imetwaliwa na chama cha kifashisti. Vyombo vya dola vimepewa majina ya viungo vya mwili: Kichwa ni uongozi, Jicho hutazama kwa kamera, Sikio hudukua simu, Pua hupeleleza, Kidole hukamata, na Mdomo hutangaza. Serikali hii imejifanya mtu mmoja mkubwa, na raia wamekuwa chakula chake. Msichana wa miaka kumi na sita, Evey Hammond, anakamatwa na watu wa Kidole usiku akijaribu kuuza mwili wake kwa ajili ya njaa. Anaokolewa na mtu aliyevaa kinyago chenye tabasamu, mfano wa sura ya Guy Fawkes, aliyehukumiwa kwa njama ya kulipua Bunge la Uingereza mwaka 1605. Mtu huyo anajulikana kwa herufi moja tu, V. Usiku huohuo anayalipua majengo ya Bunge.

Kimya kati ya Picha

Ili kuijadili fani hii, istilahi chache zinahitajika. Fremu ni picha moja iliyozungushiwa mstari. Kiputo ni duara lenye maneno ya mhusika. Kisanduku ni mraba wa maelezo au wa sauti isiyo na mdomo unaoonekana. Mwanya ni nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu. Mwanya hauna kitu ndani yake, lakini ndimo hadithi inamosogea. Fremu moja inaonesha mkono umeinuliwa. Inayofuata inaonesha mtu amelala chini. Pigo halikuchorwa popote. Msomaji ndiye aliyelipiga.

Katika vibonzo vingi, waandishi huogopa kimya hicho. Hukijaza kwa sauti zilizoandikwa kwa herufi kubwa, au kwa viputo vya mawazo vyenye mkia wa mapovu, vinavyomweleza msomaji mhusika anafikiri nini. Lloyd alipendekeza kuyaacha yote mawili, na Moore akakubali. Katika riwaya nzima hakuna kishindo kilichoandikwa, ingawa majengo yanaanguka, na hakuna wazo la mhusika linaloelea juu ya kichwa chake. Msomaji hana mlango wa kuingia ndani ya nafsi isipokuwa ule anaopewa na maneno yaliyosemwa kwa sauti, barua, shajara, na mwili unaoonekana.

Uamuzi huo wa kifani una uzito wa kimaudhui. Katika nchi ambamo Sikio linasikiliza na Jicho linatazama, wazo ndilo mali pekee iliyobaki kwa raia. Kama mchoraji angelifungua kila kichwa na kumwonesha msomaji kilichomo, msomaji angekuwa chombo kingine cha dola. Kwa kuuacha moyo wa mhusika ukiwa umefungwa, riwaya inampa raia heshima ambayo serikali yake imemnyima.

Mtazamaji wa mapiko anaifahamu heshima hiyo. Lipiko kwa kawaida hasemi. Sura yake ni mti mwepesi uliochongwa, wenye chale za nta na pengine nywele halisi za binadamu zilizobandikwa. Mdomo wake upo wazi lakini hautoi neno. Katika vinyago vya aina ya kofia, tundu la mdomo ndimo mchezaji anamochungulia. Maneno yapo kwingine: katika nyimbo za waimbaji na katika ngoma zinazomwita na kumjibu. Mpigaji hutoa swali kwa mkono, mchezaji hulijibu kwa mguu. Huo ni mfumo kamili wa majibizano ambamo picha na sauti vimegawanywa kwa watu tofauti, na anayeviunganisha ni yule anayetazama.

Mfano ulio karibu sana na hali hiyo katika riwaya ni sura ambamo V anaingia katika mnara wa kituo cha televisheni. Yeye hasemi lolote, na walinzi hawapewi maneno. Maneno yote yanayosomeka yanatoka katika vipindi vya televisheni vinavyoendelea kurushwa wakati huohuo. Macho ya msomaji yanafuata vurugu ilhali masikio yake yanasikia burudani. Hakuna msimulizi anayesema kwamba taifa linaburudishwa ili lisione. Mpishano wa picha na sauti umekwisha kusema.

Uso Usiobadilika na Sauti za Kuazima

Mhusika mkuu asiye na uso ni tatizo kwa mchoraji. Hasira, huzuni na mzaha huchorwa usoni, na V hana uso. Tabasamu lake ni lilelile anapookoa na anapoua. Lloyd alilitatua tatizo hilo kwa mwanga na mwelekeo. Kinyago kikiinamishwa, kivuli huangukia macho na tabasamu likawa la kutisha. Kikiinuliwa, mwanga hukijaza na tabasamu likawa la upole. Wachezaji wa mapiko hufanya hivyo kwa shingo zao. Mti hauna hisia, lakini kichwa kikitikiswa, kikageuzwa ghafla au kikaganda, watazamaji huona hisia juu ya mti. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kinyago hakina sura. Kina sura nyingi, ila zimewekwa kwa watazamaji.

Uso ukifungwa, sauti hubeba mzigo wote, na hapa majibizano ya riwaya yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Mara nyingi V huzungumza kwa maneno ya watu wengine. Anapomwokoa Evey mara ya kwanza, ananena maneno ya tamthiliya ya Shakespeare, Macbeth, katikati ya mapigano. Baadaye ananukuu nyimbo, mashairi na vitabu vilivyopigwa marufuku, ambavyo amevihifadhi katika maskani yake ya chini ya ardhi. Wahakiki huita mbinu hii mwingilianomatini. Katika riwaya hii haipo kwa ajili ya pambo. Taifa limechoma vitabu vyake, na mtu aliyepoteza uso katika kambi ya mateso ya Larkhill amekuwa kinywa cha vitabu hivyo. Kila anaposema, wafu wanasema.

Upande wa pili wa mbinu hiyo ni sauti ya dola. Riwaya inafunguliwa kwa sauti ya redio inayotoa habari na hali ya hewa, ikisomeka katika visanduku vilivyotandazwa juu ya picha za jiji, za Evey akijipamba, na za V akivaa. Wahusika wawili wasiojuana wanaunganishwa na tangazo moja. Sauti hiyo inaitwa Sauti ya Majaliwa, kwa jina la kompyuta kuu ya serikali, na wananchi wengi huiamini kama sauti ya mashine isiyokosea. Kumbe ni mtu, Lewis Prothero, aliyekuwa kamanda wa Larkhill. V anapomteka na kumtia wazimu, serikali inalazimika kumweka mtangazaji mwingine, na wasikilizaji wanatambua kwamba sauti si ileile. Hakuna risasi iliyopigwa redioni, lakini imani imepata ufa. Wananchi wamegundua kwamba sauti nayo ilikuwa kinyago.

Kilele cha mbinu ya majibizano ni mazungumzo ya V na sanamu ya Haki iliyo juu ya mahakama ya Old Bailey, London. V anaiambia sanamu kwamba alikuwa akiipenda, kisha anaishutumu kwa kumwendea kinyume na kulala na mtawala. Sanamu haiwezi kujibu. V anaitolea majibu yeye mwenyewe, akicheza nafsi zote mbili. Mwishowe anaiachia zawadi katika kisanduku chenye umbo la moyo, na mahakama inalipuka. Katika sura hiyohiyo, Kiongozi, Adam Susan, anasikika akieleza jinsi anavyoipenda kompyuta yake. Wanaume wawili, kila mmoja akiongea na kitu kisicho na uhai kana kwamba ni mpenzi. Riwaya haisemi kwamba wanafanana. Imewaweka katika sura moja tu.

Ulinganishi huo unadai swali ambalo mtu wa Newala angeliuliza upesi. Katika mapiko, kinyago kinanyamaza na jamii inaimba. Katika riwaya hii kinyago kinasema mchana na usiku, hata maneno ya sanamu, na jamii ndiyo inayonyamaza kwa sehemu kubwa ya hadithi. Je, mtu anayezungumza nafsi zote mbili anajibizana na nani?

Jando la Evey

Sehemu inayojadiliwa zaidi katika riwaya ni kufungwa kwa Evey. Anakamatwa, ananyolewa nywele zote, anawekwa katika chumba kidogo, anahojiwa na kuteswa siku baada ya siku. Katika tundu la ukuta anaokota barua iliyoandikwa kwenye karatasi ya chooni na mfungwa aitwaye Valerie, mwigizaji aliyefungwa kwa sababu aliwapenda wanawake wenzake. Maneno ya barua yanakwenda katika visanduku juu ya picha za mateso ya Evey, hivi kwamba msomaji anasikia sauti ya Valerie huku akiuona mwili wa Evey. Wanawake wawili wanakuwa mtu mmoja mbele ya macho yake. Evey anapotakiwa kutia sahihi maungamo ya uongo au apigwe risasi, anachagua risasi. Hapo anaambiwa kwamba yu huru. Anatoka na kukuta kwamba mlinzi ni sanamu na gereza ni jukwaa. Aliyekuwa akimtesa ni V. Barua peke yake ndiyo ilikuwa ya kweli, kwa kuwa Valerie aliiandika Larkhill, katika chumba kilichopakana na cha V.

Msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya jando hahitaji kuelezwa umbo la tukio hili. Kijana anatengwa na nyumba ya mama yake. Ananyolewa. Anawekwa mahali pa faragha, anaonjeshwa hofu na maumivu, anafundishwa maneno ambayo wa nje hawayajui. Kwa Wamakonde, kama wanaanthropolojia walivyoandika, sehemu mojawapo ya mafunzo ni kuoneshwa kwamba lipiko lililomtisha utotoni ni mtu. Hofu inavuliwa kinyago. Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu mila za mpito, alizigawa mila kama hizo katika hatua tatu: kutengwa, kukaa katika hali ya kati, na kurejeshwa katika jamii kwa hadhi mpya. Evey anapitia hatua ya kwanza na ya pili bila kukosa hata moja.

Ni hatua ya tatu inayokosekana, na hapa ndipo dosari ya shujaa inapoonekana. Jando la Newala na Masasi halikuwa kazi ya mtu mmoja. Kijana alikabidhiwa na wazazi wake. Alikuwa na mlezi wa kumtunza. Palikuwa na ngariba, kungwi na wazee waliowajibika kwa jamii. Na siku ya kutoka, kijiji kizima kilimngoja kwa nguo mpya na ngoma. Hofu ilikuwa na mipaka kwa sababu ilikuwa na mashahidi. Aidha, mila yenyewe ilizungumzika. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, pamoja na mapadri na wazee Wakristo wa Kiafrika, walilitengeneza upya jando ili liafikiane na Ukristo badala ya kulifuta. Inawezekana kulaumu au kusifu matokeo ya mapatano hayo. Ila hayawezi kukanushwa kuwa yalikuwa mapatano.

V hakupatana na mtu. Evey hakukabidhiwa na yeyote, kwani wazazi wake wamekufa. Hakuna mlezi, hakuna shahidi, na anapotoka hakuna anayemngoja. Anapanda juu ya paa na kusimama uchi katika mvua, huru na peke yake. Picha hiyo ni nzuri mno, na uzuri wake umewafanya wengi wasahau kuuliza nani alimpa V ruhusa. Mwalimu aliyejenga gereza ili kufundisha uhuru ametumia chombo cha adui yake, tena kwa ustadi. Kwa lugha ya methali, V alichonga kinyago cha dola kwa mikono yake mwenyewe ili kimtishe mwenziwe.

Kinyume chake, haifai kudai kwamba riwaya imeshindwa. Mwishoni V anajeruhiwa kwa risasi na kufa. Evey anasimama mbele ya maiti, mkono wake u karibu na kinyago. Zinafuata fremu ambazo ndani yake anakiwaza kimevuliwa, kila mara uso tofauti ukiwa chini yake, na mwishowe uso wake mwenyewe alipokuwa mtoto. Hakivui. Anavaa kinyago kingine na kutoka mbele ya umati. Halafu anakusudia jambo ambalo V hakulifanya: atawasaidia watu kujenga, lakini hatawasaidia kuua. Huko ndiko kurejea katika jamii, kwa kuchelewa na kwa nusu. Evey pia anamwokoa kijana mmoja mpelelezi, Dominic, na kumpeleka maskani kule chini, kama yeye alivyopelekwa. Je, naye atanyolewa na kufungwa? Fremu za mwisho haziko kwa Dominic. Mwanya unaachwa wazi.

Kinyago katika Sarufi ya Kiswahili

Hoja iliyobaki ni ya wanafunzi wa lugha hasa. Kiingereza humlazimu msemaji kutaja jinsi ya mtu katika kiwakilishi, na hivyo wahakiki wa Kiingereza humwita V mwanamume mpaka anapokufa, kisha hubadili kiwakilishi Evey anapokivaa kinyago. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakifichui jinsi. Mtu akisema, “V ametokea mbele ya umati”, kauli hiyo ni sahihi kabla ya kifo na baada yake. Kiswahili kinamvika V kinyago ambacho lugha ya asili ya riwaya haina. Kwa mapokeo ya Wamakonde jambo hili lina uchungu wake, kwani lipiko na siri yake ni vya wanaume, na wanawake wana unyago wao. Evey anavaa kisichokuwa chake, na sarufi haimsaliti.

Hata hivyo, Kiswahili kina siri yake ya kufichua. Msemaji anayesema “kinyago kimekuja” ameuona mti. Anayesema “kinyago amekuja” amekubali kwamba aliyekuja ni kiumbe. Upatanisho wa ngeli unakuwa kauli ya imani. Mfasiri wa riwaya hii angelazimika kuamua, kiputo kwa kiputo, ni mhusika yupi anayemwona V kama kitu na ni yupi anayemwona kama mtu. Polisi na Evey wasingetumia upatanisho mmoja. Hiyo ni nafasi ya kifani ambayo Moore mwenyewe hakuwa nayo.

Kazi kama hiyo ingekuta msingi. Macbeth, ambayo V anainukuu, ilitafsiriwa na S. S. Mushi ikatoka mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Viputo navyo si vigeni kwa msomaji wa Kiswahili. Chakubanga wa Christian Gregory alijulikana kupitia gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Jarida la Sani lilileta wahusika kama Ndumilakuwili na Lodilofa, na Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana akawa mmoja wa wachoraji wake mashuhuri. James Gayo akamleta Kingo. Msomaji wa vibonzo hivyo alikwisha kujifunza kuupima mkao wa mwili dhidi ya maneno ya kiputo, na kucheka panapotokea tofauti. Jina Ndumilakuwili lenyewe ni somo la distopia: mdomo mmoja, nyuso mbili. Kinachopungua ni uhakiki. Mgawanyo wa darasani wa riwaya, tamthiliya, ushairi na fasihi simulizi huiacha picha inayosema nje ya mlango, ilhali ngoma ya mapiko na michoro ya mwaka 1906 inaonesha kwamba katika sehemu hizi picha na sauti zilikuwa pamoja kabla ya mgawanyo huo.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba riwaya ya V for Vendetta inasimulia kwa kimya cha mwanya, kwa uso usiobadilika, kwa sauti za kuazima, na kwa kuviweka pamoja vitu ambavyo mwandishi hataki kuvilinganisha kwa maneno. Umeonesha pia kwamba mapokeo ya Newala na Masasi yana zana za kuzipima mbinu hizo. Kwa zana hizo, V anaonekana kuwa lipiko lisilo na waimbaji na kungwi asiye na kijiji.

Tangu filamu ya riwaya hii ilipooneshwa duniani mwaka 2006, kinyago cha V kimevaliwa na waandamanaji katika nchi nyingi, kikitengenezwa viwandani kwa maelfu. Wanaokivaa huficha uso ili waseme kweli, na zipo tawala zinazowapa sababu ya kufanya hivyo. Lakini kinyago kisichokuwa na wazee wanaokijua mchongaji wake, wala waimbaji wa kukijibu, kinaweza kuvaliwa na yeyote kwa neno lolote. Jamii iliyochonga vinyago vyake yenyewe iliwafundisha vijana wake waviheshimu, kisha ikawaonesha mtu aliyemo ndani. Mafunzo yote mawili yalikuwa ya lazima, na la pili ndilo lililowatoa utotoni.